Kimea Kisichojulikana Ukoo

Katikati ya karne ya 19, katika kijiji cha Hurstpierpoint kusini mwa Uingereza, aliishi muuza dawa aitwaye William Mitten. Alizaliwa mwaka 1819. Riziki yake ilitoka dukani, lakini saa zake za mapumziko zilikwisha mbele ya hadubini, akitazama mimea ambayo wengi huikanyaga bila kujua kama ina jina. Hakuwa profesa, wala hakusafiri nchi za mbali. Waliosafiri walikuwa wengine, na waliporudi kutoka Amazon, Himalaya au visiwa vya kusini walimpelekea bahasha za vimea vilivyokauka, kwa sababu watu wenye subira ya kuvitambua walikuwa wachache mno. Alfred Russel Wallace, yule aliyeifikia nadharia ya uteuzi asilia sambamba na Charles Darwin, alikuja kuwa mkwe wake: alimwoa binti yake, Annie, mwaka 1866.

Baadhi ya mimea iliyomfikia Mitten ilitoka Sikkim, kwenye miteremko ya Himalaya. Huko mtaalamu wa mimea Joseph Dalton Hooker alikuwa ametembea kati ya mwaka 1848 na 1850, akipanda hadi kwenye theluji, akikusanya kila kilichoota. Safari ile haikuwa ya starehe. Mwishoni mwa 1849 yeye na mwenzake, ofisa Archibald Campbell, walishikwa na watu wa utawala wa Sikkim wakawekwa kizuizini kwa wiki kadhaa. Mimea iliyopatikana katika milima ile ilikuwa mingi kiasi kwamba kuichambua kulichukua miaka. Mwaka 1861 Mitten alichapisha orodha yake ya mimea midogo ya India, na ndani yake mlikuwamo spishi mpya aliyoipa jina Lepidozia ceratophylla. Neno la pili linamaanisha jani lenye pembe. Neno la kwanza lilikuwa jina la jenasi iliyokwishajulikana, na ndilo lililokipeleka kimea hicho katika nyumba isiyo yake kwa zaidi ya miaka 100.

Hapa inafaa tuelewane juu ya maneno. Ule mmea mdogo wa kijani unaotanda kama zulia juu ya mawe mabichi, kwenye kuta za visima na kwenye magome ya miti ya milimani, kamusi zetu huuita kuvumwani. Jina limeunganisha kuvu na mwani, ilhali mmea wenyewe si kuvu wala si mwani. Una shina na majani, na hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua kama mhindi au mwembe. Nitalitumia jina hilo kwa kuwa ndilo tulilo nalo, nikijua kwamba lenyewe pia limemkalisha mwenye nalo kati ya majirani wasio ndugu zake.

Kuvumwani ina jirani wa karibu ambaye kwa Kilatini huitwa Hepaticae. Hapa tuseme hepatika. Asili ya jina ni neno la Kigiriki la ini, kwa kuwa baadhi yake zimelala chini bapa, zenye mapande kama ini, na waganga wa Ulaya wa zamani waliamini kwamba kilichofanana na ini ndicho kilichotibu ini. Lakini hepatika nyingi hazifanani na ini hata kidogo. Nyingi zina vishina na vijani vidogo vidogo, na ukiziona porini kwa macho matupu utaapa kwamba ni kuvumwani. Zote mbili hazina maua, hazina mbegu, hazina mizizi ya kweli wala mishipa imara ya kusukuma maji kwenda juu. Kuzitenganisha kunahitaji kujua pa kuangalia.

Pa kuangalia palionyeshwa na Wajerumani wawili, na wote wawili hawakuanza kazi hiyo wakiwa na cheo cha kuifanya. Wa kwanza, Johann Hedwig, alikuwa daktari aliyetafuta mimea kabla na baada ya kuwatazama wagonjwa wake. Ndiye aliyeonyesha waziwazi kwamba kuvumwani ina viungo vya kiume na vya kike, jambo ambalo kabla yake lilikuwa la kubahatisha. Kitabu chake kikubwa cha spishi za kuvumwani kilitoka mwaka 1801, miaka miwili baada ya kifo chake, na mpaka leo kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinahesabu majina karibu yote ya kuvumwani kuanzia kitabu hicho. Majina ya hepatika huhesabiwa nyuma zaidi, kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753. Hata tarehe ya kuzaliwa kwa jina, basi, hutegemea uko katika nyumba ipi kati ya hizo mbili.

Wa pili alikuwa Wilhelm Hofmeister, muuza vitabu vya muziki katika duka la baba yake mjini Leipzig. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na uoni hafifu kiasi kwamba vitu vya karibu mno tu ndivyo alivyoviona vizuri, na hadubini ilimfaa. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 27, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mimea hii huishi kwa vizazi viwili vinavyopokezana. Kizazi cha kwanza ni ule mmea wa kijani tunaouona. Huo ndio unaobeba mbegu za kiume na mayai. Yai likisharutubishwa, kizazi cha pili huota palepale juu ya mama: kikonyo chembamba chenye kifuko kichwani, na ndani ya kifuko mna spora zitakazopeperuka na kuanzisha mimea mingine ya kijani. Mtoto huyu habanduki. Huishi na kufa akiwa amebebwa, akinyonya kwa mama yake kama aliyefungwa kwenye mbeleko isiyofunguliwa.

Katika mtoto huyo ndimo ilimo tofauti kubwa ya koo hizi mbili. Kwenye hepatika, kifuko hukomaa kwanza kikiwa kimejificha ndani ya mama. Kisha, mara spora zinapokuwa tayari, kikonyo hurefuka kwa saa au siku chache tu kwa kujijaza maji. Ni cheupe, laini, na baada ya kazi hunyauka na kuanguka. Kifuko hupasuka mara nyingi kwa pande nne, na kati ya spora mna vinyuzi vilivyojisokota vinavyosaidia kuzirusha. Kuvumwani hufanya kinyume. Kikonyo hurefuka mapema, kifuko kikiwa bado hakijakua, na katika kurefuka hukwanyua kipande cha ngozi ya mama na kukiinua juu kama kofia. Kikonyo hicho ni kigumu na hudumu. Kifuko kwa kawaida hufunguka kwa kifuniko, na hakina vile vinyuzi.

Mitten aliyajua mengi katika haya. Kasoro haikuwa yake. Vimea vilivyotoka Himalaya havikuwa na kikonyo, havikuwa na kifuko, havikuwa na dalili yoyote ya kizazi cha pili. Alichokuwa nacho mkononi ni vishina visivyofika hata sentimita moja na nusu, vilivyokauka, vyenye vijani vya ajabu vya urefu wa milimita moja hivi, ambavyo si vijani bapa bali ni vidole: kila kimoja kimegawanyika mpaka chini kuwa nyuzi mbili au zaidi zilizochongoka. Hakuna kuvumwani iliyojulikana yenye majani ya namna hiyo. Hepatika za jenasi Lepidozia, kwa upande mwingine, zina majani yaliyopasuka kama vidole vya mkono. Mtu mwenye akili timamu, mwenye vimea hivyo na hadubini ya mwaka 1861, angevipeleka hukohuko. Nasema hivi kwa kuwa ni rahisi leo kumcheka, na hastahili kuchekwa.

Karatasi ikafungwa na jina likakaa kwenye orodha. Mitten akafa mwaka 1906, na mkusanyiko wake mkubwa ukanunuliwa na Bustani ya Mimea ya New York. Tangu mwaka 1861, kwa karibu miaka 100, hakuna aliyeuliza tena juu ya Lepidozia yenye majani ya pembe.

Swali liliulizwa Japani, na aliyeliuliza hakujua kwamba kuna mtu aliyetangulia. Noriwo Takaki, mtaalamu wa kuvumwani wa Nagoya, alikuwa akipanda milima mirefu ya Honshu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipokutana na kijizulia cha kijani kwenye mawe yenye unyevu, mahali theluji inapochelewa kuyeyuka. Kwa mbali kilikuwa kama mwani tu. Kwa karibu kilikuwa vishina vilivyosimama, vyenye vijani vya vidole, vinavyokatika ukivigusa. Chini yake palikuwa na vishina vingine vyeupe vinavyotambaa, visivyo na hata kile kinyweleo cha kujishikiza ambacho karibu kila kuvumwani na kila hepatika wanacho. Takaki hakukitambua. Akawaonyesha wengine, nao hawakukitambua. Walikuwapo waliodhani ni mwani.

Wajapani wana neno la kutaja kitu kisichojulikana ni nini, nanjamonja, ambalo asili yake ni swali: hiki ni kitu gani tena? Huko kwao miti isiyotambulika ilikuwa ikiitwa hivyo tangu zamani. Kimea cha Takaki kikapewa jina hilo, na katika vitabu vya Kijapani mpaka leo kinaitwa nanjamonja-goke, kuvumwani ya hiki-ni-nini. Nimelipenda jina hilo kuliko majina yote kilichowahi kupewa. Ndilo pekee lililokuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Vielelezo vilifika Nichinan, mji mdogo wa kusini katika kisiwa cha Kyushu. Huko Sinske Hattori, mtu wa familia yenye misitu, alikuwa ameanzisha mwaka 1946 maabara ya utafiti wa mimea hii midogo, katika nchi iliyokuwa bado inajikung'uta majivu ya vita, na mwaka uliofuata akaanza kutoa jarida la maabara hiyo. Jarida hilo lilikuja kuwa moja ya majarida yaliyosomwa zaidi na wataalamu wa kuvumwani na hepatika ulimwenguni. Mwaka 1958 ndani yake Hattori na Hiroshi Inoue waliitangaza jenasi mpya, Takakia, kwa heshima ya aliyeiokota. Spishi waliiita Takakia lepidozioides, yaani inayofanana na Lepidozia. Bila kuwasiliana na marehemu Mitten, macho yao yaliona mfanano uleule aliouona yeye.

Waliiweka kwenye hepatika, lakini kwa tahadhari ambayo inaonekana katika kila hatua. Waliijengea familia yake yenyewe, kama mwenye nyumba anayempa mgeni chumba cha pembeni mpaka ijulikane katoka wapi. Mwaka huohuo Hattori na mwenzake Mizutani walichapisha makala nyingine ambayo kichwa chake kilikuwa swali: Takakia lepidozioides ni nini? Wenye kutoa jina huwa hawarudi kuuliza kwa sauti, mwaka uleule, kitu walichokipa jina ni nini. Hawa walirudi.

Kuanzia hapo habari zilienda mbio. Kabla mwaka 1958 haujaisha, Msweden Herman Persson alitangaza kwamba jenasi hiyo ipo pia Amerika Kaskazini. Mwaka 1959 mtafiti aitwaye Tatuno alihesabu kromosomu zake akakuta 4 tu katika kila seli ya mmea wa kijani, idadi ndogo kuliko iliyowahi kuonekana kwa kuvumwani au hepatika yoyote. Watu wakaanza kusema kwa msisimko juu ya mmea wa kale kuliko yote, babu wa mimea ya nchi kavu aliyesahaulika mlimani. Mwaka 1962 Johannes Proskauer alivichunguza vinyweleo vyake vya kutoa ute. Na mwaka 1963, Rolf Grolle wa Jena, katika Ujerumani ya Mashariki, aligundua kwamba kimea cha Himalaya alichokiita Mitten Lepidozia ceratophylla kilikuwa Takakia siku zote. Kanuni zikafuatwa: jina la spishi la mwaka 1861 likabaki, jenasi ikabadilishwa, na ikawa Takakia ceratophylla. Jenasi ikawa na spishi mbili, na ndizo hizo mbili mpaka leo.

Ramani yake ni ya kushangaza. Ipo Himalaya na Tibet, ipo Japani, ipo juu ya mlima Kinabalu katika kisiwa cha Borneo, kisha inavuka bahari hadi visiwa vya Aleutian, Alaska na pwani ya British Columbia nchini Canada. Afrika haijaonekana. Ni mabaki ya himaya iliyovunjika, kila kipande kikiwa peke yake kwenye jabali lenye ukungu.

Katika sehemu zote hizo tatizo lilikuwa moja. Mimea iliyookotwa ama haikuwa na viungo vya uzazi kabisa, ama ilikuwa ya kike. Vile vichupa vidogo vinavyobeba yai vilikuwapo, vimekaa wazi juu ya shina bila majani ya kuvifunika. Mbegu za kiume hazikuonekana popote. Bila dume hakuna kurutubishwa, na bila kurutubishwa hakuna kizazi cha pili, na kizazi cha pili ndicho chenye jibu. Mmea wenyewe haukujali. Ulijieneza kwa kukatika. Kipande cha kishina au kijani kikidondoka mahali penye unyevu huota upya, na kwa njia hiyo jabali zima huweza kufunikwa na mtu mmoja aliyejigawa.

Wataalamu walilazimika kumsoma mama kwa kuwa mtoto hayupo. Wengi, akiwemo Rudolf Schuster, Mmarekani aliyejua hepatika kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, waliiona Takakia kuwa ndugu wa jenasi nyingine ya ajabu iitwayo Haplomitrium. Hoja zao zilikuwa na uzito. Haplomitrium nayo ni hepatika yenye kishina kilichosimama, haina vinyweleo vya kujishikiza, ina vishina vyeupe vinavyozama ardhini na kutoa ute. Mwaka 1970 P. J. Grubb alizieleza jenasi hizo mbili pamoja kama hepatika zenye mizizi. Kwenye vitabu vya chuo Takakia ilichorwa mwanzoni mwa sura ya hepatika, na vizazi vya wanafunzi vikaikariri hivyo.

Hata hivyo minong'ono ilikuwapo. Katika Alaska kuna kuvumwani nyeusi ya kwenye mawe, Andreaeobryum, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na William Steere na Barbara Murray. Ndugu yake wa karibu ni Andreaea, kuvumwani ya majabali ya baridi inayoota hata kwenye mawe ya juu ya Kilimanjaro, ambayo kifuko chake hakina kifuniko bali hufunguka kwa nyufa. Murray alizichambua hizo mbili kwa miaka, na mwaka 1988 alichapisha utafiti uliosema kwamba zina mambo yanayozifunga na Takakia. Kwa maneno mengine, huenda ile ya kwenye chumba cha pembeni si hepatika. Alisema hivyo akiwa na ushahidi wa seli na majani peke yake. Kifuko alikuwa hajakiona, kwa sababu hakuna binadamu aliyekuwa amekiona.

Visiwa vya Aleutian ni mnyororo wa volkano unaotoka Alaska kuelekea Kamchatka. Miti haioti. Kuna upepo, mvua na ukungu mwaka mzima, na hali hiyo inayowachosha watu ndiyo neema kwa kuvumwani. David Smith wa Chuo Kikuu cha Tennessee alikuwa akifanya kazi huko na wenzake. Mwaka 1989 Paul Davison, Smith na McFarland walitangaza kwamba viungo vya kiume vya Takakia vimepatikana. Habari hiyo peke yake ingetosha kuwafurahisha watu wa fani, kwa kuwa pale penye dume na jike wanaoota jirani, mtoto hawezi kuwa mbali. Mwaka 1990 Smith alitoa taarifa fupi katika gazeti la wataalamu hao: kizazi cha pili cha Takakia ceratophylla kimeonekana.

Nimejaribu kukifikiria kitambo kile cha kuinama juu ya jiwe lililolowa na kuona, katikati ya vidole vya kijani, kikonyo kimoja kimesimama. Miaka 129 ilikuwa imepita tangu Mitten aandike jina lake. Kikonyo kilikuwa kigumu. Kilikuwa kimerefuka kabla ya kifuko kukomaa. Juu ya kifuko palikuwa na kofia. Ndani hamkuwa na vinyuzi vya kurushia spora, na katikati ya spora palisimama nguzo ya seli kama ilivyo kwa kuvumwani. Kila alama niliyoitaja hapo juu ilielekeza upande mmoja. Jambo moja tu lilikuwa la Takakia peke yake: kifuko hakikufunguka kwa kifuniko, wala kwa nyufa nne, bali kwa ufa mmoja unaozunguka kwa mshazari kutoka juu hadi chini, kama vile mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda.

Mwaka 1993 Smith na Davison walichapisha makala kamili ya kuihamisha Takakia kutoka kwenye hepatika kwenda kwenye kuvumwani. Waliichapisha katika jarida la Maabara ya Hattori, lilelile ambamo jenasi ilizaliwa ikiwa hepatika miaka 35 kabla. Hattori mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1992. Takaki, aliyekuwa na umri sawa naye, kwani wote walizaliwa 1915, aliishi mpaka 2006, na kwa hiyo aliuona mmea uliobeba jina lake ukipata ukoo.

Waliofuata walithibitisha. Karen Renzaglia na wenzake walikichana kifuko kile vipande vyembamba na kukitazama kwa hadubini ya elektroni, wakatoa matokeo mwaka 1997. Kisha ikaja enzi ya kusoma DNA, na DNA nayo ikasema kuvumwani. Siku hizi Takakia ina daraja lake yenyewe, Takakiopsida, lenye oda moja, familia moja, jenasi moja na spishi mbili: nyumba kubwa yenye wakazi wawili. Chumba cha pembeni kimebaki, ila kimehamia ua mwingine.

Ugomvi haujakwisha wote. Katika nasaba za kuvumwani, wengine wanaipata Takakia ikiwa tawi lililochomoka kabla ya matawi mengine yote. Wengine wanaiona ikiwa pamoja na Sphagnum, ile kuvumwani ya mabwawa ya baridi ambayo mabaki yake hugeuka udongo mweusi unaochomwa kama kuni. Matawi hayo yalitengana zamani mno, na yaliachana upesi, hivyo alama zilizobaki ndani ya jeni ni hafifu na hutegemea zimesomwa kwa hesabu ipi. Aidha, tafiti za karibuni, mojawapo ikiwa ya mwaka 2018, zinaonyesha kwamba kuvumwani na hepatika wenyewe ni ndugu wa tumbo moja. Waliozichanganya hawakuwa wamepotea mbali kama ilivyoonekana mwaka 1993.

Jina halikubadilika. Kanuni za majina haziruhusu kulifuta jina halali kwa sababu tu maana yake imeonekana kuwa na kasoro, kwa hiyo kuvumwani moja itaendelea kuitwa inayofanana na Lepidozia, hepatika ambayo si ndugu yake wa karibu. Sioni ubaya. Ni kovu, na kovu husimulia mtu alipopita.

Mwezi Agosti 2023, timu iliyowaunganisha watafiti wa Beijing chini ya Yikun He na Mjerumani Ralf Reski wa Freiburg ilichapisha jenomu ya Takakia lepidozioides katika jarida la Cell. Walikuwa wamepanda Tibet mara 18 tangu mwaka 2010, kwenye majabali yaliyo juu ya mita 4,000, ambako kimea hufunikwa na theluji kwa miezi minane na katika miezi minne iliyobaki hupigwa na mionzi mikali ya jua. Kwa makadirio yao, ukoo huu ulijitenga miaka milioni 390 iliyopita. Visukuku kutoka Mongolia ya Ndani vinaonyesha kwamba umbo la vidole lilikwishakuwapo miaka milioni 165 iliyopita, muda mrefu kabla Himalaya haijainuka. Mmea haukupanda mlima. Mlima uliota chini yake, na mmea ukabadilisha jeni zake kadiri baridi na mionzi vilivyozidi, huku sura yake ikibaki ileile.

Sasa joto linapanda kwa kasi ambayo mmea huo haujawahi kuikuta, na barafu ya mlima inarudi nyuma. Katika viwanja walivyovipima, eneo linalofunikwa na Takakia lilikuwa likipungua kwa takriban asilimia 1.6 kila mwaka. Ni kiasi ambacho mpita njia hawezi kukiona. Kinahitaji mtu anayerudi kwenye jiwe lilelile, mwaka baada ya mwaka, na kupima upya.

Watafiti walichukua vipande vichache wakavikuza maabara, kwa njia ileile ambayo mmea umejieneza nayo siku zote: kipande kinakatika, kinaota. Kisha wakavibeba kurudi Tibet na kuvipanda katika sehemu nyingine walizozichagua milimani. Wakavifuatilia miaka mitano. Baadhi vilikuwa vimeshika, na vilikuwa vinakua.